Macho ya Milimani

Rangi nilifundishwa na ng'ombe, na ndiyo maana sikuzijua. Kwetu Dirma mtoto hakalishwi chini akaonyeshwa karatasi nyekundu na karatasi ya kijani, anapelekwa zizini. Kila ng'ombe anaitwa kwa rangi yake, na lugha ya baba ina majina ya rangi za ng'ombe ambayo Kiswahili hakina: lipo la mwekundu mwenye tumbo jeupe, lipo la mweusi mwenye paji la kijivu, lipo la yule mwenye madoa yanayoanzia mgongoni na kuishia mapajani. Mtoto akifika miaka sita huwataja wote bila kukosea. Mimi pia niliwataja bila kukosea. Baba alikuwa akinisimamisha mbele ya wageni nitaje kundi zima, kuanzia dume hadi ndama aliyezaliwa juzi, na wageni walikubaliana kwamba mtoto huyu ana macho.

Kumbe nilikuwa nataja majina tu. Ng'ombe wale niliwatambua kwa pembe, kwa mwendo, kwa jinsi kila mmoja alivyogeuza shingo ukimwita. Mtu unayemfahamu huhitaji kuchunguza ngozi yake ndipo ukumbuke anaitwa nani. Kama ng'ombe wetu wangeitwa Jumatatu na Jumanne, jinsi mama alivyowaita kuku wake, pengine ningefundishwa rangi mahali pengine na kugundulika mapema. Lakini waliitwa kwa rangi, nami nikapita.

Jambo moja tu lilinisumbua. Ng'ombe mwekundu akilala kwenye kichaka chenye majani mabichi, nilimpoteza. Wenzangu walimwona kutoka ng'ambo ya korongo. Mimi nilipita hatua tano kutoka alipolala na sikumwona mpaka apige mkia. Nilichapwa kwa hilo, tena si mara moja. Kaka zangu walisema nasinzia machungani, na mimi mwenyewe niliishia kuamini kwamba nasinzia. Mama peke yake hakuwahi kunichapa kwa kosa lile. Alinitazama kwa muda, halafu akanituma kuni.

Mama si wa Dirma. Alitoka juu, milimani Mbulu, kwa watu wa mahindi, maharage na kanisa, akaolewa na baba, mtu wa tambarare na wa ng'ombe. Walijuana mnadani. Kwa miaka zaidi ya ishirini shangazi zangu hawakuacha kumkumbusha kwamba hakuzaliwa zizini. Hawakumtukana, la. Walimwita tu "yule wa milimani", na akimaliza kukamua mmoja wao angepita nyuma yake kuangalia kama ameacha maziwa kwenye chuchu. Mama alisali kwa Kiiraqw, aliwaamkia shikamoo wote waliostahili, na hakujibu neno. Kilichompa nafasi ya kukaa sawasawa mbele yao kilikuwa kimoja: mwanawe alikuwa wa kwanza katika ukoo ule kufika kidato cha sita.

Mwana huyo ni mimi, na nilifika huko kwa sababu ya ndege. Kaka yake mama alikuwa akiendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano karibu na Basotu, na likizo nilipelekwa kwake. Mwaka mmoja kweleakwelea walivamia ngano kwa wingi mpaka wakulima wakakata tamaa, na ndege ndogo ikaletwa kupulizia dawa mahali ndege wale wanapolala. Nilikuwa nimeona ndege za juu, zile zinazopita kimya na kuacha mstari. Hii ilishuka mpaka nikaona kofia ya mtu aliyekuwa ndani. Ilipotua, nilimkimbilia rubani nikamwamkia. Aliitikia, akavua glavu, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kazi yake. Hakucheka. Aliniambia nisome hesabu na fizikia, akaenda kunywa chai.

Nilisoma hesabu na fizikia kama niliyelaaniwa. Kemia ndiyo ilinipa shida, na hapo ningepaswa kushtuka. Kwenye maabara unadondosha asidi kwenye chupa yenye kiashiria, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, na inapogeuka unafunga. Mimi sikuwahi kuona ikigeuka. Niliona maji yaleyale mwanzo mpaka mwisho. Kwa kuwa nilikuwa na kichwa kikubwa, nilidhani wenzangu wote wanababaisha kama mimi. Nikawa nachungulia bureti ya jirani, nasoma namba yake, naongeza kidogo ili zisifanane. Mwalimu alinisifu kwa uangalifu. Leo nafundisha hesabu katika sekondari moja upande wa Balangdalalu, na mwanafunzi akiniambia haoni kitu ubaoni huwa simkaripii. Siku hizo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka mazuri. Nikaomba ufadhili wa mafunzo ya urubani, nikaitwa kwenye usaili, nikapita. Barua ilisema nafasi ni yangu kwa sharti moja: nilete cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile kinachotakiwa kwa rubani wa kazi. Nikaisoma kwa sauti nyumbani, nikalifikia sharti nikalipita haraka haraka. Afya? Nilikuwa kijana niliyekua kwa maziwa. Nilikuwa nakimbia Dirma mpaka barabara kuu bila kupumzika. Kama kuna kitu ambacho sikuwa na hofu nacho, ni mwili wangu.

Wazee wa ukoo wakaja kunibariki. Walininyunyizia pombe ya asali, wakanipaka siagi kwenye paji la uso, wakaomba nirudi nikiwa juu ya vichwa vyao bila kuwakanyaga. Shangazi mkubwa, ambaye hakuwa na kawaida ya kumsifu mama, siku ile alimshika mkono mbele ya watu akasema tumbo lake limefanya kazi. Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baadaye, na alijitahidi sana kuificha, kana kwamba ameiazima.

Dar es Salaam nilipimwa kwa siku mbili. Walipima damu, mkojo, moyo, masikio, mapafu. Kila karatasi iliandikwa sawa. Herufi za ukutani nilizisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Halafu daktari, mzee mwenye upole, akafungua kitabu chenye kurasa za madoa ya mviringo, madogo na makubwa, na akaniambia kwamba ndani ya madoa kuna namba, nimtajie. Ukurasa wa kwanza nilisoma kumi na mbili, nikatabasamu. Baadaye nilikuja kujua kwamba ukurasa ule husomwa na kila mtu. Umewekwa ili kuhakikisha anayepimwa ameelewa swali.

Ukurasa wa pili nilisoma tatu. Daktari akafunua. Wa tatu sikuona namba. Wa nne sikuona namba. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba kitabu chake kimefifia. Akaweka kidole kwenye karatasi na kuchora juu ya madoa polepole, akaniambia hii ni saba, na hii ni nne. Nilitazama kidole chake kikipita. Nilikiona kidole tu.

Wakanipa nafasi ya pili. Waliniingiza kwenye chumba cha giza chenye taa zinazowaka mbili mbili, nitaje rangi zake: nyekundu, kijani, nyeupe. Nilibahatisha. Nilijaribu kukisia kwa ukali wa mwanga, jinsi nilivyokuwa nikiwakisia ng'ombe kwa mwendo, lakini taa hazina mwendo. Ya kijani niliiita nyeupe, nyekundu nikaiita kijani, na nilipomaliza mtu aliyekuwa akiandika aliwasha taa ya chumba bila kunitazama usoni.

Yule daktari alinikalisha akanieleza. Redio ya ndege ikikatika, watu wa mnarani huongea na rubani kwa taa: ya kijani inamwambia atue, nyekundu inamwambia asitue. Taa za uwanja nazo zina lugha yao. "Wewe ukizichanganya, hufi peke yako," alisema. Cheti cha daraja la kwanza asingeweza kunipa. Angeweza kunipa cha daraja la pili chenye masharti: nirushe ndege yangu mwenyewe, kwa kujifurahisha, mchana tu. Nilicheka. Nilimwuliza kama anaijua Dirma. Hakuijua.

Akaniuliza kuhusu babu mzaa mama, nikasema alifariki nikiwa mdogo, simkumbuki. Akachukua kalamu akachora miduara na mistari. Mama huona rangi zote vizuri, alisema, ila hubeba kasoro hii bila kujua, na huwapa baadhi ya watoto wake wa kiume. Dawa haina, miwani ya kuiponya haina. "Umeipata kwa mama yako," alimalizia, huku akigonga muhuri. Hakuwa akilaumu mtu. Neno lile alilisema kama mtu anavyokutajia kundi lako la damu. Mimi ndiye niliyelibeba jinsi nilivyolibeba.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Daktari alikuwa na haki. Waliotunga kanuni walikuwa na haki, hilo nililielewa hata ndani ya hasira, kwa kuwa hakuna abiria anayestahili kufa kwa sababu mtu wa Dirma alitamani kuruka. Baba hakuhusika, michoro ilionyesha. Mpaka basi linaingia Katesh jioni, aliyebaki alikuwa mmoja.

Asubuhi yake nilipofika nyumbani niliwakuta wamekusanyika. Nilikuwa nimepiga simu kusema tu kwamba narudi, na wao wakadhani narudi kuaga. Baba alikuwapo, wazee wawili kati ya walionibariki, na shangazi zangu wote. Mama alikuwa akizunguka na birika, anamimina chai ya maziwa. Niliwaamkia mmoja mmoja, nikakaa, nikawaambia nimekataliwa. Nikaeleza habari ya kitabu na taa. Kisha shangazi mkubwa akauliza swali ambalo lilikuwa linawatisha wote.

"Ni baraka yetu iliyoharibika?"

Alikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu alikuwa mmoja wa walionipaka siagi. Ningeweza kumwambia kwamba nimezaliwa hivi, na ingetosha, na ingekuwa kweli. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni. Nikaimeza, nikatoa nyingine.

"Baraka yenu haina kosa, shangazi. Daktari amesema ugonjwa huu nimeutoa kwa mama."

Mama alikuwa ameinama mbele ya mzee mmoja, birika mkononi. Hakuliweka chini.

"Ni kweli," alisema. "Baba yangu alikuwa hivyohivyo."

Akamaliza kumimina kikombe kile, akaenda kwa aliyefuata.

Mchana alinikuta nyuma ya nyumba akanieleza mwenyewe, bila mimi kuuliza. Babu alikuwa akirudi kutoka shambani na kapu la nyanya, nusu zimeiva na nusu mbichi, na bibi alizichambua bila kusema kitu. Alipoona nampoteza ng'ombe kwenye kichaka, mama alijua mara moja, nikiwa bado mdogo. "Nilidhani ni macho tu ya baba," aliniambia. "Alilima, alilea watoto tisa, akazikwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza majani yana rangi gani. Sikujua kwamba ipo kazi inayokataa macho kama yale." Alingoja nijibu. Mimi nilikuwa nimeshika neno moja tu katika maelezo yale, kwamba alijua, na nikaona nina haki ya kukasirika mara mbili. Niliondoka nikamwacha amesimama.

Kwa miezi kadhaa nilimpa shikamoo na kuishia hapo. Nyumbani sentensi yangu ilianza kutembea yenyewe. Mbuzi akipotea, mtu angesema leo aliyechunga ana macho ya milimani. Mtoto akimwaga maziwa, macho ya milimani. Walisema kwa utani, na utani kwetu haujibiwi kwa hasira, hivyo mama alitabasamu kila mara. Kaka yangu alipoanza kutafuta mchumba, shangazi mdogo alisema, mama akisikia, kwamba safari hii waulize kwanza habari za macho ya upande wa kikeni. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliendelea kupepeta. Nilikuwapo, na sikumtetea, kwa sababu lile neno lilikuwa langu; wao walikuwa wameliongezea mkia tu. Ile nafasi yake ya kukaa sawasawa mbele yao, aliyoipata kwa miaka yote ile, niliifuta kwa kikao kimoja cha chai.

Mwaka huo, baada ya mavuno, mama akasema macho yanamsumbua. Baba akaniagiza nimpeleke hospitali ya misheni, ambako kuna kliniki ya macho. Sikutaka, lakini agizo la baba si la kujadili. Tuliondoka alfajiri. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, khanga juu yake, na amefunga kitambaa kipya. Ndani ya basi alikaa dirishani, hakusugua macho, hakulalamika, na mimi nilikuwa na simu yangu, natazama zile kurasa za madoa ambazo nilikuwa nimezipakua mtandaoni. Bado nilikuwa najaribu. Nilikuwa nimekariri zote, na nilijua haisaidii kitu.

Daktari wa macho alikuwa binti, pengine ananizidi miaka mitano. Alimwamkia mama, akamkalisha, akampima kwa ile karatasi ya ukutani yenye alama zinazotazama pande mbalimbali, ambapo mtu asiyesoma herufi huonyesha kwa vidole. Mama alionyesha zote, jicho la kulia na la kushoto, hadi zile ndogo za chini. Akamulikwa. Akaonyeshwa hata kile kitabu cha madoa, maana aliomba mwenyewe, na mimi nikasimama nyuma yake nikimsikia akisoma namba moja baada ya nyingine bila kusita. Alisoma haraka kama mtoto anayetaka asifiwe. Daktari akamwambia macho yake ni mazima kuliko ya watu wa umri wake, akamwuliza sasa kinachomsumbua ni nini.

Mama akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi. Niliitambua kwa muhuri. Ilikuwa ya yule daktari wa Dar es Salaam, niliyoitupa chini ya kitanda siku niliyorudi. Aliifungua akaiweka mezani, akainyoosha kwa viganja.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Macho yake yamekataliwa kwenye ndege, na wanasema ameyatoa kwangu. Yangu umeyaona mwenyewe. Nimekuja mchukue moja mumpe. Mimi moja linanitosha."

Miaka ya nyuma mama aliwahi kumtolea dada yangu damu, palepale hospitalini, dada akiwa anajifungua. Aliona kwa macho yake damu ikitoka kwake na binti yake akipona. Tangu hapo ndivyo alivyoelewa mambo ya hospitali: kilichopungua kwa ndugu mmoja hutolewa kwa mwingine. Na kama kasoro imetoka kwake, basi na dawa itoke kwake. Alikuwa amekaa na wazo hilo miezi yote ile ambayo mimi nilikuwa namnunia, akisubiri mavuno yaishe ili asiache kazi ya watu.

Daktari aliweka kalamu chini. Alimweleza polepole, kwa maneno mepesi, kwamba jicho la mtu haliwezi kuhamishwa likaona kwa mtu mwingine, kwamba kilichokosekana kwangu ni vitu vidogo sana vilivyo nyuma kabisa ya jicho, havishonwi wala havipandikizwi. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa mimi. Mama alikuwa akitikisa kichwa kila sentensi, kwa heshima, kama afanyavyo mahubirini. Alipomaliza, mama akafikiri kidogo.

"Hata mkichukua yote mawili?"

Daktari alinitazama mimi. Nadhani alitaka nimsaidie, mimi mwana wake, mwenye lugha yake. Mimi nikatazama muhuri kwenye karatasi.

"Hata yote mawili, mama," akasema.

Mama akaikunja karatasi ile, akaifunga tena pindoni. Akasimama, akamshukuru daktari, akamwomba msamaha kwa kumpotezea muda na nyuma kuna wagonjwa. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikimngoja apite kwanza.